Miwa ya Maotea

Kuanzia Juni mama alikuwa hathubutu kuanika shuka nyeupe nje. Ndio mwezi kiwanda cha sukari kinapoanza kusaga miwa, na jioni mashamba huchomwa ili alfajiri wakataji waingie na mapanga bila kusumbuliwa na majani makavu wala nyoka. Masizi yanapaa, yanazunguka, yanakuja kutua kambini: kwenye nguo, kwenye sufuria ya mboga, kwenye nywele za wasichana waliotoka kusukwa. Yalitua pia kwenye uwanja wa Manungu wakati wa mazoezi, na sisi watoto tuliokaa nyuma ya lango tuliwaona Mtibwa Sugar, mabingwa wa Tanzania Bara, wakijifuta weusi usoni kwa mikono ya jezi.

Huo ulikuwa mwaka 1999, na mimi nilikuwa na miaka 12. Nilikuwa naokota mipira. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Ukiwahi unasimama nyuma ya lango, ukichelewa unakaa pembeni na kuwaonea wivu wenzako. Mpira ukipotelea kwenye miwa unaufuata mwenyewe, unatoka nao mikono imechanwachanwa na majani, na kipa anakwambia, "Asante, dogo." Asante ile nilikuwa nalala nayo.

Kwa asiyepajua, Turiani iko wilaya ya Mvomero, mkoa wa Morogoro, chini ya milima ya Nguru. Ukitoka Morogoro unashika barabara ya Dodoma mpaka Magole, kisha unaingia kulia. Siku hizi lami ipo. Utotoni kwangu, masika ikikolea, basi lilikuwa linasukumwa na abiria waliolipa nauli. Madizini ndiko kwenye soko, gesti na kelele. Manungu ndiko kwenye uwanja. Katikati ni miwa, na miwa ndiyo iliyotuleta wote. Baba alitoka Njombe kuja kukata, akapanda akawa dereva wa trekta, anavuta matela kutoka shambani hadi mizani. Majirani zetu walikuwa Wazigua na Waluguru wa huko huko, Wahehe, Wanyakyusa, Wagogo. Lugha tuliyogawana ilikuwa Kiswahili, na baada ya Kiswahili, Mtibwa Sugar.

Baba alipenda kunisimulia ilivyoanza, na kila mara alianza na neno "wachache". Wafanyakazi wachache wa kiwanda mwaka 1988 waliamua kuwa na timu. Mwaka 1989 ikacheza daraja la nne, ngazi ya wilaya, na kufikia 1996 ilikuwa daraja la kwanza, ambalo ndilo Ligi Kuu ya leo. Miaka saba au minane hivi. Nilipokuwa mdogo hilo lilinionekea jambo la kawaida: unaanzisha timu, inapanda. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba nchi hii imejaa timu za wafanyakazi zilizoanza vilevile na kuishia kwenye bonanza la Mei Mosi.

Ubingwa wa 1999 niliusikia kwa redio ya baba, ile Nashino yenye mfuko wa ngozi uliotobolewa vitundu. Mwaka uliofuata tukaurudia, chini ya kocha yule yule, John Simkoko. Watu wa kambini walicheza ngoma mpaka zamu ya usiku ikaingia kazini bila kulala mchana. Mimi nilidhani ndivyo itakavyokuwa siku zote. Wala si mimi peke yangu.

Hapa kuna jambo ambalo kila nikilisema kijiweni watu hubisha, halafu wanahesabu kwa vidole na kunyamaza. Tangu Mtibwa ichukue kombe mwaka 2000, ubingwa wa Bara haujatoka tena Dar es Salaam. Umezunguka kwa Simba na Yanga, na mara moja tu, 2014, ukaenda kwa Azam, ambao nao ni wa Chamazi, Dar hiyo hiyo. Kabla ya hapo mikoa ilikuwa inajitutumua: Mseto ya Morogoro 1975, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union 1988. Sisi wa Turiani ndio tulikuwa wa mwisho kufunga mlango, na wakati huo hatukujua kwamba tunaufunga.

Sasa lazima nikiri jambo ambalo watu wa kwetu hatupendi kulisema mbele ya wageni. Karibu kila mtu Turiani ana timu mbili. Mtibwa ni ya nyumbani, lakini ndani ya moyo kuna nyekundu au njano. Baba ni Simba. Mimi nilikuwa Yanga, na sikuchagua kwa sababu ya maana. Nilichagua ili nibishane naye. Kwa hiyo Mtibwa ikicheza na Simba, mimi nilishangilia mara mbili. Ikicheza na Yanga, nilikaa kimya na kujifanya naumwa tumbo. Nilidhani huo ni ujanja. Ni mpaka nilipofika miaka thelathini na kitu ndipo nilipoona kwamba timu inayopendwa na watu wenye mapenzi mengine ina shida ambayo hakuna mdhamini anayeweza kuitibu. Siku ya mechi ya kawaida, jukwaa ni miti. Ikija Simba au Yanga, watu wanajaa mpaka juu ya miembe, na nusu yao wamekuja kuishangilia timu ya wageni.

Nikiwa na miaka 17 nilikwenda kujaribiwa timu ya vijana. Siku tatu. Siku ya tatu kocha aliniita pembeni, akaniambia bila ukali, "Dogo, wewe macho unayo. Miguu ndiyo huna." Nililia njia nzima hadi nyumbani, halafu nikanunua daftari la kaunta kurasa mia mbili. Kama macho ninayo, basi nitaandika. Niliandika kila mechi niliyoiona au kuisikia: tarehe, matokeo, nani kafunga, nani katoka, hali ya uwanja. Baadaye nilipopata kibarua cha ukarani pale mizani, nikijaza tani za miwa za wakulima wa nje ya kiwanda, daftari la mpira lilikaa chini ya daftari la kazi. Ukiyachanganya unapata aibu. Siku moja nilimwandikia mkulima tani 2-1.

Daftari ndilo lililonifundisha yale ambayo macho peke yake yasingeona. Ukurasa mmoja wa mwanzoni, niliounukuu kutoka kwa baba na gazeti kuukuu, unahusu mechi na Santos ya Afrika Kusini, kwenye mashindano ya Afrika, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tulifungwa Dar es Salaam. Kwenye mstari wa marudiano nimeandika neno moja tu: "Hatukwenda." Timu haikusafiri. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaifungia miaka mitatu na kuipiga faini. Nilipoandika neno lile sikuliwazia sana. Tayari tulikuwa tumefungwa nyumbani. Kwenda mpaka Afrika Kusini kumalizia kipigo, kwa nauli ya nani? Kijiweni kila mtu alisema hivyo, na mimi nikafunga ukurasa.

Kurasa za katikati zina mistari mingi ya "ameondoka". Hizo ndizo kurasa zangu nene. Juma Abdul, Yanga. Kipa Shaban Kado, Yanga. Hussein Javu, Yanga. Halafu mwaka 2016, ambao niliuandikia kwa kalamu nyekundu: Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim, wote watatu Simba kwa mpigo mmoja, na beki Andrew Vincent, yule Dante, akaenda Yanga. Kocha Mecky Maxime, aliyeichezea Mtibwa miaka nenda rudi na kuwa nahodha wa Taifa Stars, akaenda Kagera Sugar. Angalau huyo alihamia kwenye miwa mingine. Akaja Salum Mayanga. Mwanzoni mwa 2017 naye akachukuliwa kuifundisha Taifa Stars. Ndani ya msimu mmoja nyumba ilikuwa imehamwa chumba baada ya chumba.

Na tarehe 1 Oktoba 2016 nilipata adhabu yangu. Nilikuwa kwenye banda la video Madizini, nimevaa njano, Yanga inaongoza 1-0 dhidi ya Simba, dakika zinakwisha. Kona. Kichuya anaweka mpira, anaupinda, unaingia moja kwa moja bila kuguswa na mtu. 1-1. Banda zima likalipuka, Simba na Yanga pamoja, kwa sababu aliyefunga alikuwa mtoto wa Manungu, tuliyemuona akipiga kona hizo hizo jioni tupu hakuna anayelipa hata shilingi. Mimi nilikaa. Sikujua nicheke au nilie. Baba alinipigia simu kutoka Njombe, alikokuwa amestaafu, akacheka sekunde kumi nzima, akakata bila kusema neno.

Lilikuwa jambo la kujivunia, na tulijivunia kupita kiasi. Tulianza kujiita kiwanda cha vipaji, na kweli timu ya vijana ilikuwa ikitwaa ubingwa wa U-20, na kweli wakaja kina Kibwana Shomari na Dickson Job, nao wakaenda Yanga. Lakini baba, ambaye hakuwahi kucheza mpira hata siku moja, ndiye aliyenipa namna ya kulitazama. Alisema: muwa ukiukata vizuri, chini kabisa, huna haja ya kupanda tena. Shina linachipua lenyewe, ndio maotea. Unavuna mara ya pili, ya tatu, ya nne, bila gharama ya mbegu wala kulima upya. Ni raha. Ila kila ukikata, shamba linakupa pungufu ya jana, kidogo kidogo, huoni mpaka ufike mizani. Mwisho lazima ung'oe mashina yote, ulime, upande upya, na mwaka huo uukubali kuwa mwembamba. Mkulima asiye na pesa ndiye huendelea kukata maotea mpaka shamba linageuka majani. "Hao wenzako," akasema, "wanakata maotea."

Nilibishana naye kwa sababu mwaka 2018 ulinipa hoja. Zuberi Katwila, naye mtoto wa hapo hapo aliyeichezea Mtibwa kabla ya kuifundisha, aliipeleka timu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Fainali ilikuwa Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, tarehe 2 Juni, katikati ya Ramadhani. Tulijichanga tukakodi Coaster. Dereva akatupitisha njia ya mkato ya Mziha kwenda Handeni, vumbi tupu, tukafika Korogwe wote tuna rangi moja. Waislamu wa ndani ya gari walifunga na wengine tuliona haya kula mbele yao, kwa hiyo gari zima likafunga.

Singida United ndio waliokuwa wanazungumzwa nchi nzima wakati huo, wana wachezaji wa nje, wana wadhamini. (Miaka miwili baadaye walishuka daraja, na sijui kama kuna aliyewaandikia daftari.) Tulishinda 3-2. Dakika za mwisho sikuziona. Niliinamia saa ya jirani yangu na kuihesabia. Filimbi ilipolia, mzee mmoja mkata miwa aliyekuja na kandambili alikaa chini pale pale jukwaani akavua kofia. Magharibi ilipoingia tulikuwa nje ya uwanja, mtu akatoa mfuko wa tende, mwingine maji, tukafuturu kwenye kingo ya barabara, Wakristo na Waislamu, kombe likiwa limeshaondoka na wachezaji kwenye basi lao. Nimehudhuria harusi nyingi. Hiyo naihesabu miongoni mwazo.

Ubingwa ule ulitupa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wiki hazikupita nyingi, zikaja habari: Mtibwa haiwezi kucheza mpaka ilipe faini ya kale. Ile ya Santos. Nilifungua daftari nikaukuta mstari wangu: "Hatukwenda." Zaidi ya miaka kumi ule mstari ulikuwa umelala, sisi tukicheza, tukiuza, tukinunua, na deni limekaa kwenye faili la mtu wa CAF mjini Cairo likisubiri siku tutakayofurahi. Wachezaji waliokuwa wanazuiwa kwa deni hilo walikuwa wametoka Arusha na medali. Timu ilipofungiwa, wengine wao walikuwa bado wanakojoa kitandani. Faini ililipwa, timu ikacheza. Lakini tangu siku hiyo kila ninapoona kiongozi wa kikundi chochote, hata cha kufa na kuzikana, anasema "hilo tuliache, litapita", mwili unanisisimka. Mimi mwenyewe nilikuwa na deni la duka la vipuri la muda mrefu kwa jamaa wa Morogoro mjini. Nililipa mwezi ule ule.

Safari ya Afrika yenyewe ilikuwa fupi. Northern Dynamo ya Shelisheli tuliwatoa kwa jumla ya 5-0. Kisha KCCA ya Uganda ikatupiga 3-0 Kampala na 2-1 Chamazi. Nimeiandika kwa mistari miwili tu.

Mechi iliyonigeuza haikuwa ya kombe. Ni Februari 2022, Yanga wamekuja Manungu. Mwezi mmoja kabla, Simba walikuja wakaondoka na sare ya 0-0 na malalamiko juu ya uwanja, na baba alinipigia kulalamika vilevile utadhani mimi ndiye niliyepanda nyasi. Yanga walishinda 2-0. Bao la pili lilipoingia, watoto waliokuwa nyuma ya lango, pale pale nilipokuwa nasimama mimi, waliruka na kukumbatiana. Walikuwa wamevaa njano. Rangi yangu. Mmoja alikuwa wa mtaa mmoja na mimi, namjua mama yake. Nilimtazama kipa wetu akiufuata mpira wavuni mwenyewe, hakuna mtoto aliyemsaidia. Nikagundua kuwa sijashangilia, na wala sikuwa nimejizuia. Jezi yangu ya Yanga ipo bado, naifunga kwenye tangi la pikipiki.

Msimu wa 2023/24 tulishuka daraja, tukiwa mkiani. Tangu 1996 hatujawahi. Sikulia, nilikuwa nimeliona daftarini misimu mitatu nyuma, lile pungufu la kidogo kidogo alilosema baba, msimu wa kuponea chupuchupu ukifuatiwa na mwingine wa kuponea chupuchupu. Vijiweni watu walitafuta mchawi: kocha huyu, kiongozi yule, waamuzi. Mimi nilitaja Awendo. Ndiko iliko Sony Sugar ya Kenya, timu ya miwa kama sisi, iliyokuwa bingwa wa nchi mwaka 2006. Mwaka 2019 ikaondolewa ligini baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Timu ya kiwanda hupumua kwa mapafu ya kiwanda, na bei ya sukari haijui tarehe ya mechi. Sisi angalau tulishuka tukiwa tunafika uwanjani. Niliposema hivyo nilitukanwa kidogo, na mtu mmoja hakunisalimia mpaka Idi.

Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, nilikwenda kuitazama mara nyingi kuliko nilivyowahi kwenda Ligi Kuu. Viingilio rahisi, hakuna foleni, hakuna jezi nyekundu wala njano kwenye miti. Waliokuja ni waliokuja kwa ajili ya Mtibwa. Tulikuwa wachache, neno lile lile la baba, na kwa mara ya kwanza maishani niliweza kuwajua mashabiki wenzangu kwa majina: muuza mitumba, mwalimu mstaafu, dada wa mama lishe anayefahamu sheria ya kuotea kuliko washika vibendera. Uwanjani walikuwa vijana ambao sikuwahi kuwaandika. Ilibidi ninunue daftari jipya.

Mwaka 2025 tukamaliza msimu tukiwa mabingwa wa Championship. Siku tulipohakikisha kupanda nilikuwa Morogoro mjini, dukani, nikafunga mlango nikampigia baba. Masikio yake siku hizi ni mazito, ikabidi nipige kelele.

"Kamwene, baba! Tumerudi Ligi Kuu!"

Kimya. Nilisikia jogoo akiwika upande wake, na mtu akichota maji.

"Wamebaki akina nani?" akauliza.

Nikafungua daftari, nikaanza kumtajia. Kila jina alilirudia taratibu, akilikosea kidogo, nami nikimrekebisha. Tulipofika la tisa, salio likaisha.